Kipimo cha Pili cha Jayantilal

Champa alikuwa mke wa Jayantilal, muuza vitambaa mjini Nakuru, na tangu aolewe nyama haikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Mwaka wa 2007 shemeji yake, ndugu wa Jayantilal, alifariki kwa saratani ya utumbo mkubwa. Daktari Kosgei akamtaka Jayantilal naye ajipime.

"Utajipimia nyumbani," daktari alieleza. "Unachukua choo kidogo kwa kijiti, unapaka kwenye kadi hizi, siku tatu. Tunatafuta damu ambayo macho hayaoni. Ila uache kabisa nyama nyekundu siku tatu kabla ya kuanza, mpaka umalize. Inaweza kudanganya kipimo."

"Nyama!" Champa alicheka. "Hiyo usitie shaka, daktari."

Jayantilal alilalamika kwamba mtu mzima hawezi kuchezea choo kama mtoto. Champa alimtandikia magazeti msalani, akasimama mlangoni mpaka akamaliza. Kadi zikarudishwa kliniki, daktari akazidondoshea dawa, zikageuka buluu.

"Kuna damu," alisema. "Mzee, kweli hukuonja nyama?"

"Si nimekwambia..." Champa alianza.

"Kikopey," Jayantilal alisema, macho sakafuni. "Jumamosi, nikirudi na mzigo kutoka Nairobi. Mbuzi choma. Huwa nasimama hapo."

Champa alihisi uso ukimuwaka. Miaka yote hiyo alikuwa akimpakulia dengu mtu aliyefika nyumbani ameshiba.

"Basi ni hiyo nyama tu," Jayantilal alisema, kama aliyetua gunia. "Twende zetu."

"Nani amesema ni nyama tu?" Champa aliuliza. "Daktari, tupe kadi zingine. Atarudia."

Safari hii Champa mwenyewe alimpikia kila tonge, na mchana akashinda naye dukani bila kumsemesha. Kadi zikageuka buluu tena. Daktari akawatuma hospitali ya Nairobi; huko walimwingiza kamera utumboni, wakakuta uvimbe mdogo umeota, wakauondoa kabla haujageuka saratani.

Hasira ya Champa haikupoa upesi. Diwali ilipita wakizungumza mambo ya duka tu. Kisha asubuhi moja, wakinywa chai, akamuuliza:

"Baba Pranav, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Kicheko kikamtoka Champa bila kupenda. Akachukua funguo, akaenda kufungua duka.