Mashimo Saba ya Mchi Niliyoyakandika

Bwana mwenye kutengeneza gazeti, nakuomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na jina langu ulifiche kama unavyoficha ya wengine. Mimi ni mzee wa upande wa Mwaya. Miaka yangu siijui. Wadachi walipofika huku ziwani nilikuwa na mvi tayari. Kusoma nimejifunza uzeeni kwa ajili ya ubatizo, na barua hii nimeiandika siku sita kwa mkono wangu mwenyewe, maana mwalimu angeniandikia, angejua.

Mimi ni mjenzi. Sijisifu, ila sijaona mwingine. Bwana mmoja Mdachi alikuwa hapati usingizi kwa kelele za vyura wa majarubani, nami nikamjengea chumba ambacho sauti ya chura haiingii. Kuta mbili za matofali, katikati nafasi ya kiganja, humo nikashindilia pumba za mpunga zilizochanganywa na majivu ili mchwa wasile. Darini nikapanga mianzi, juu yake mkeka, juu ya mkeka udongo, juu ya udongo pumba tena. Na pale ukuta unapokutana na dari nikaziba kwa udongo laini wa wafinyanzi Wakisi, kwa sababu sauti hupenya hapo kwanza. Wajenzi wengine hawalijui hilo.

Basi nikajenga na nyumba yangu vivyo hivyo. Kwetu mke wa mwanao hakutazami, hasemi nawe, hapiti ulipo, wala wewe humsemeshi. Ndiyo maana wana hujenga mbali na baba zao. Lakini mimi nimebakiwa na mwana mmoja tu, nikataka akae karibu. Nikajenga nyumba moja ndefu, vyumba viwili, mlango wao huku, wangu kule, katikati ukuta wangu.

Mzee mmoja wa rika langu alicheka hata akashika mbavu. "Wewe na mkamwana paa moja? Akikohoa utakimbilia wapi?"

"Hata akiimba sitasikia. Ingia ujaribu."

Akaingia chumba cha pili, akaimba nyimbo za kanisani mpaka sauti ikamkauka. Akatoka anatiririka jasho. "Haya, umesikia?"

Nikamwambia, "Kwani umeanza?"

Kijiji kizima kilicheka, na mimi nikatembea kifua mbele mwezi mzima.

Mwaka huu, mvua zilipokolea, mwanangu alichukuliwa kubeba mizigo ya serikali. Mke wangu alikwenda Ipyana kumzika dada yake. Majirani walikuwa majarubani wakipandikiza mpunga. Tulibaki mimi upande wangu na mkamwana upande wake, naye ana mimba, mwezi wake haujafika. Mchana nilikuwa nasuka mkeka.

Nikasikia kitu. Kidogo sana, du, du, kama mtu anatwanga ng'ambo ya mto. Ndugu zangu! Sikujiuliza nani anagonga. Nilikasirika kwamba ukuta wangu unapitisha sauti! Nikapanda juu ya kigoda, nikapapasa, nikaukuta ufa mwembamba chini ya dari. Nikakanda udongo, nikauziba. Sauti ikapotea. Nikakaa kitako nikiwa nimefurahi, nikaendelea na mkeka wangu.

Mke wangu aliporudi jioni alimkuta mkamwana sakafuni, mchi mkononi. Mtoto alikuwa amezaliwa na amekwisha kufa. Wa kiume.

Wanawake walimchukua kwenda kumwuguza, na gizani hakuna aliyeutazama ukuta. Mimi nikaingia mle ndani. Chini ukutani, usawa wa mtu aliyelala, palikuwa na mashimo saba ya mchi. Nilileta udongo uleule, nikayakandika, nikayasugua kwa jiwe hata yakalingana na ukuta. Na Mungu anisamehe: nilipomaliza nilirudi nyuma hatua moja kuitazama kazi, nikaona ni nzuri.

Baada ya siku kadhaa mwanangu akarejea. "Tata, hukusikia kitu?"

Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliushushia sifa ukuta wangu. Nilisema, "Ukuta ni mzuri, mwanangu, lakini mchi ningeusikia. Hakuna aliyegonga."

Yaliyofuata aliniletea mke wangu, maana ukuta hauleti neno. Mwanangu alimwuliza mkewe, "Mchi ulikuwa nao. Kwa nini hukumwita Tata?"

"Niligonga."

"Uligonga wapi? Mchi upige udongo usiache alama? Nionyeshe!"

Mkamwana akapiga magoti, akapapasa ukuta kwa mikono miwili. Laini. Mke wangu anasema alikaa pale, kiganja ukutani, halafu akajifunika uso. Amejua ni mkono wa nani, hilo sina shaka. Lakini mkamwana hamtaji baba mkwe kuwa mwongo, na hajanitaja hata leo. Nikipita uani bado anajificha nyuma ya migomba kwa kuniheshimu. Heri angenitukana.

Sasa watu wananong'ona kwamba hakumtaka mtoto. Mwanangu amesema, mpunga ukishavunwa atamrudisha kwao Bujonde. Na mpunga umeanza kuwa wa njano.

Nikinena, huyu mwana mmoja niliyebaki naye atahama, na kijiji kitaucheka ukuta wangu pamoja na mimi. Nikinyamaza, mkamwana ataondoka na kosa langu kichwani. Na msamaha nitamwombaje, mimi nisiyeruhusiwa hata kumsemesha?

Jana walipokwenda shambani niliingia tena na kisu. Nimebandua udongo wa shimo moja. Liko wazi, ila nimeegemeza kinu mbele yake. Yamebaki sita. Ninyi mnaosoma na msionijua, niambieni kabla ya mavuno: niyabandue yote na kuondoa kinu, au nilizibe na hili moja?