Mama Hajisikii Vizuri

Kwa miaka mingi kijiji chetu kizima cha Vihingo hakikuwa na mwanamke mwingine aliyewahi kulala kwenye hoteli kubwa ya wazungu Dar es Salaam isipokuwa mimi, na watu hawakuniacha nisahau. Nikisema chai haina sukari, utasikia, "Mwacheni huyo, amelala hoteli." Nikichelewa shambani, "Anangoja kengele ya hoteli." Mimi nina mdomo, anayenijua anajua, wala sikuzaliwa kuchekwa. Lakini kwa hilo nilikuwa nanyamaza, kwa sababu wangeniuliza ilikuwaje, na habari za hoteli ile siwezi kuzieleza bila kumtaja mama.

Nilikuwa yaya kwenye shamba la mkonge upande wa Mlandizi. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, meli zimeanza tena kuchukua abiria, na bwana mkubwa wa shamba alikuwa anakwenda kwao likizo na mkewe na mtoto wao wa kike, ambaye nilimlea tangu hajaota jino. Walifika Dar es Salaam kabla ya meli, wakapanga hotelini, na mimi nikaenda nao kwa kuwa mtoto hakulala bila mimi. Kazi yangu ingeishia kwenye ngazi ya meli.

Hoteli ilijengwa enzi za Mjerumani, na Mwingereza akairithi pamoja na nchi. Ilitazama bandari. Ilikuwa na baraza pana zenye matao, sakafu ya vigae iliyokuwa baridi hata mchana, na wahudumu wa kanzu nyeupe na kofia nyekundu waliotembea pekupeku ili wasisikike. Hata kucheka walicheka kwa kifua bila sauti, nikawa nawatania kwamba siku wakirudi kwao watakuwa wamesahau kuongea. Ngazi ya mbele, ile ya mawe yaliyong'arishwa, sikuipanda. Watumishi tuliokuja na mabwana zetu tulipita nyuma, kwenye ngazi ya chuma iliyotokea ua wa jikoni. Na kulala kwenyewe nililala chini, kwenye mkeka wangu mwenyewe, miguuni pa kitanda cha mtoto. Huko ndiko kulala hoteli.

Kitu kimoja tu kilinishangaza kweli, nacho ni bafu. Chumba kilikuwa na bafu lake humo humo, na ndani yake beseni refu jeupe ambalo mtu mzima anaingia akalala. Unafungua bomba, maji ya moto yanatoka, hujakata kuni wala hujateka. Na mlango una komeo kwa ndani. Nilipoliona lile komeo nilimkumbuka mama. Angepewa chumba kile, nilisema moyoni, angekaa humo mpaka meli iondoke.

Mama hakuwahi kuoga mtoni na wenzake. Aliungua akiwa mtoto, mafuta ya nazi yalimmwagikia yakichemka, na kovu lilianzia chini ya kwapa likashuka ubavu mzima mpaka kwenye nyonga. Mume wake wa kwanza, mtu wa upande wa Mlandizi, alimrudisha kwao hata fungate haijaisha, tena akawaeleza watu sababu. Kwa aibu ile hakutoka nje, akawa anateka maji usiku. Baadaye baba yangu akamposa akamleta Vihingo, ambako hakuna aliyemjua. Baba aliliona kovu, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulidumu mpaka akafa. Baada ya hapo aliyejua nilibaki mimi, mwanawe wa pekee, niliyekuwa namsugua mgongo tangu nina akili, ndani ya ua wa makuti, na kanga imetundikwa mlangoni. Mjomba naye alijua, lakini mjomba ni mwanamume.

Basi siku moja, tunapura mpunga wetu, mama akaniambia bila kunitazama, "Siku yangu ikifika, utaniosha wewe."

Nikamwambia aache maneno hayo.

"Sikutanii. Wengine wateke maji, wamimine juu ya shuka. Mkono wa kupita chini ya shuka uwe wako. Mwosha anatakiwa asitiri anachokiona, najua. Lakini na watu wa hapa nawajua vilevile."

"Nitakuosha, mama," nikasema. Akarudi kwenye mpunga wake. Hakuniomba kitu kingine maishani mwake, wala mimi sikumbuki kumwahidi kitu kingine.

Sasa, siku moja kabla ya meli, asubuhi jua limeshapanda, mhudumu mmoja alikuja kuniambia kuna mtu wangu chini. Nikateremka ngazi ya chuma. Mjomba alikuwa amesimama uani, karibu na wapishi waliokuwa wanamenya viazi. Kanzu yake ilikuwa na vumbi jeusi la mkaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakusalimu wote."

"Na mama?"

Mjomba akaivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena. "Mama yako hajisikii vizuri kidogo. Nimetumwa nije nikuchukue twende nyumbani."

"Homa?"

"Ndiyo hiyohiyo. Kachukue vitu vyako, twende."

Nikapanda juu kuomba ruhusa. Memsahibu, mke wa bwana mkubwa, alikuwa anafunga masanduku, na mtoto analia kwa sababu mwanasesere wake ameshafungwa humo. Sitamsingizia mwanamke yule. Alikuwa na haraka na nywele zimemtawanyika, lakini hakuwa mtu mbaya. Mpishi wake alipofiwa na baba aliachiwa saa ileile, akapewa na sanda. Ugonjwa ndio aliokuwa ameuchoka, maana kule shambani hapakupita juma bila mtumishi kuja kumwambia ana bibi mgonjwa, na wiki inayofuata bibi yuleyule anaumwa tena.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Mama yako kufa?"

"Hapana, memsahibu. Anaumwa."

"Wewe nani sema anaumwa?"

"Mjomba wangu. Amekuja."

Akafikiri. "Kama mama kufa, wewe kwenda sasa. Kama homa, ngoja kesho. Kesho meli, halafu wewe kwenda."

Nikateremka tena. Mpaka leo nikishika chuma cha ngazi popote, ngazi ile inanirudia. Kitu kilikuwa rahisi: nimuulize mjomba, je, mama amekufa? Neno moja tu, nipewe ruhusa. Lakini mtu wa kwetu haulizi hivyo. Kumtajia mgonjwa kifo ni uchuro, ni kama unamwombea, na kumtajia mkubwa aliyekuambia kwamba ni homa ni kumwita muongo mbele ya wapishi. Mdomo wangu wote ule, siku ile haukufunguka.

"Mjomba, memsahibu anasema nije kesho, meli ikishaondoka."

Alinitazama. Aliwatazama na wapishi. Midomo yake ilitikisika, nikadhani anataka kunikemea, nikainama.

"Kesho," akasema.

"Kesho mapema, inshallah. Mwambie mama nakuja."

"Haya. Mungu akipenda." Akageuka akatoka kwa mlango wa nyuma, anatembea upesi kuliko umri wake, kuwahi lori.

Alasiri ile nilimwogesha mtoto. Nilipiga magoti kando ya beseni jeupe, nikapima maji kwa kiwiko yasimchome, nikamsugua shingo, makwapa, katikati ya vidole vya miguu, na nilikuwa naimba. Nimeshapiga hesabu ya saa mara nyingi kuliko inavyofaa. Nilikuwa naimba.

Asubuhi meli iliondoka. Mtoto alinyooshewa mikono na watu wengine akawa anaitaka yangu, na memsahibu alinishika bega akasema mimi mtu mzuri. Sikuiona meli ikitoka. Nilikimbilia lori la Kisarawe, na kutoka pale liliponiteremsha nikatembea.

Nyumba yetu niliiona kwa mbali, na uani kulikuwa na mikeka. Mgonjwa wa homa hatandikiwi mikeka uani. Nilikuwa bado njiani pale kwenye mihogo wanawake waliponiona, wakaanza kulia wote kwa pamoja, na kwa kilio kile ndipo nilipoambiwa. Kitu kilichokuwa mkononi kilianguka, sijui ni nini. Nililia kwa sauti ambayo hotelini isingeruhusiwa, nikalia mpaka nikakaukiwa koo, na lililokuwa linaniliza zaidi si kwamba mama amekufa. Kila mtu mama yake hufa. Lilikuwa swali moja, nami nilikuwa siwezi kuliuliza kwa kwikwi.

Shangazi yangu, dada wa baba, alinishika akanikalisha. Akanieleza mwenyewe. Mama alifariki jana kabla ya alfajiri, homa ya siku mbili tu. Mjomba akapata lori la mkaa akaenda kunichukua. Shangazi ndiye aliyechimba ufuo, lile shimo dogo chini ya kitanda la kupokea maji ya maiti, na maji yakawekwa motoni.

"Tulikungoja," akasema. "Mjomba wako alirudi peke yake, tukamuuliza uko wapi, akasema anakuja nyuma. Basi tukakungoja. Maji yanapoa, tunatia kuni. Yanapoa, tunatia kuni. Wanaume wakaswali alasiri, wakatuma mtu, tukasema bado mtoto wake yuko njiani. Mpaka wakasema jua linazama, maiti hailazwi. Ndipo tukamwosha, akazikwa."

"Nani alimwosha?"

"Mimi na wenzangu watatu. Usiwe na wasiwasi, tumemwosha vizuri."

Nilimtafuta mjomba kwa macho. Alikuwa upande wa wanaume, chini ya banda, na aliponiona namtazama alinyanyuka akaja mwenyewe, akachuchumaa mbele yangu. Mwanamume mtu mzima anachuchumaa mbele ya mtoto wa dada yake.

"Mjomba," nikasema, "ungeniambia."

"Pale? Mbele ya watu wanaomenya viazi? Uanguke kwenye ua wa wazungu, nani angekuokota?" Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nilidhani utajua, mwanangu. Mtu hapandi lori la mkaa toka Vihingo kwa ajili ya homa."

"Na hawa umewaambia nakuja nyuma."

"Ningewaambiaje? Kwamba mtoto wa marehemu amesema kesho?"

Nilikuwa nimejaa hasira, nilitaka kumrushia maneno ambayo hata kwa adui husemi. Lakini nilimwangalia usoni na nikaona kwamba tangu jana mtu huyu amebeba msiba mzima peke yake, kwenda na kurudi, na kila alipofika akatua mzigo polepole ili asimwumize mtu. Alinisitiri kote, mbele ya wapishi na mbele ya wanawake. Nilishindwa kumchukia na nilishindwa kumsamehe, na nimekaa naye hivyo mpaka kaburini kwake.

Jioni watu walipungua. Nilikuwa nimeegemea ukuta, na jirani yetu mmoja, mmoja wa wale walioosha, akaja kukaa ubavuni pangu. Mwanamke mpole, hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ndiye aliyeniletea uji. Akanishika mkono, akainamisha kichwa kuja sikioni kwangu, lakini sauti ya mtu aliyelia siku nzima haina kipimo.

"Pole, mwenzangu. Kumbe masikini marehemu aliungua vile, ubavu wote, na miaka yote hii tumekaa naye hatujui."

Shangazi akamkatiza kwa jina la Mungu. Wanawake waliobaki mkekani walikuwa kumi na zaidi. Hakuna aliyeuliza kaungua wapi, wala aliyegeuka kwa mshangao. Wote waliangalia chini kwa wakati mmoja, nami nikaelewa kwamba wameshaambiana.