Uji wa Mama na Skonzi za Nkubu

Nakumbuka Jumamosi moja ambayo, mwanangu, ningepewa nafasi ya kuifuta ningeifuta kwa mikono yangu miwili. Nimekuona na viatu vipya vya mbio, na nimesikia mmeunda kikundi cha kukimbia mji hadi mji mkitafuta maduka ya keki. Vizuri, sikukatazi. Lakini kaa hapo kwanza, zima hiyo saa inayolialia, unisikilize.

Usinione hivi na goti langu bovu. Nilipokuwa na miaka thelathini na miwili nilikuwa na mbio, we! Tulikuwa watu saba. Kila Jumamosi asubuhi tulianzia mtaani Makutano, tukashika barabara ya Embu mpaka Nkubu, kwa sababu kulikuwa na bekari ndogo iliyotoa skonzi za mdalasini saa tatu kamili. Ukichelewa unakuta sinia tupu. Basi tukajiwekea sheria: hakuna kusimama njiani, anayesimama anaachwa. Siku nyingine tulipanda gari mpaka Embu, tukaanzia mbio mtaa wa Majimbo na kuzunguka mji mzima, duka hili keki, duka lile donati. Upuuzi mtamu sana, sitakudanganya.

Sasa, boma la nyanya yako lilikuwa kando ya barabara hiyo hiyo, kabla hujafika Nkubu. Aliposikia kwamba napita hapo, alianza kunisubiri langoni na kibuyu cha uji wa wimbi. Kwake uji wa kibuyu ulikuwa na utaratibu: yeye anaonja kwanza, anakupa, na ukishapokea unakaa chini, maana uji ule ni wa mazungumzo. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Skonzi hazikungoja mazungumzo. Basi nilimpungia mkono nikapita, wiki baada ya wiki. Wenzangu walicheka, "Murithi, shabiki wako yuko!" Nami nikacheka. Mjinga mimi.

Jumamosi ninayokuambia, mama alitoka mpaka ukingoni mwa lami, akanishika fulana.

"Murithi, leo kaa. Kuna maneno nataka kukupa, na nimeanza kusahausahau. Nisikie kabla hayajanipotea."

"Mama, wananiacha! Jumamosi ijayo, haki ya Mungu."

"Na hiyo ijayo nitakuwa nayakumbuka?"

Nikadhani ni maneno ya akina mama tu. Nikajitoa mkononi mwake, nikakimbia kuwafikia wenzangu. Skonzi nilizipata, tena moto. Nilikula tatu.

Wiki iliyofuata tulikuwa Embu. Baadaye ikawa mvua, ikawa kazi, ikawa hili na lile. Nilipokuja kukaa naye miezi ilikuwa imepita. Nikamwuliza, "Mama, yale maneno ni gani?" Akaniangalia kwa adabu, vile mtu anavyomwangalia mgeni. Nikamtajia shamba, nikamtajia marehemu baba. Akatikisa kichwa, kisha akaanza kulia, kwa sababu aliona kuna kitu nakitaka na yeye hana.

Mama Kagwiria, jirani aliyekuwa akimtunza mchana, alinivuta kando penye migomba. Hakupandisha sauti.

"Kila Ijumaa mama yako alikuwa ananiambia, nisaidie kusaga wimbi, kesho kijana wangu atakaa. Na kila Jumamosi uji huo nilikunywa mimi. Nimekunywa haki yako, Murithi. Sasa imeisha."

Afadhali angenizaba kofi. Mpaka leo nikionja wimbi nalisikia neno hilo.

Niliacha Nkubu na skonzi zake. Kila Jumamosi nikawa nakwenda kwa mama, nakaa mpaka jioni. Kibuyu alikuwa bado anakijua. Alionja kwanza, akanipa. Siku moja aliviona viatu vyangu, uso wote ukachangamka.

"Kumbe wewe ni wa wale wakimbiaji! Basi lazima unamjua kijana wangu, Murithi. Mwambie apite. Mwambie sitamchelewesha."

"Nitamwambia, mama," nikajibu. Aliendelea kunituma ujumbe huo huo mpaka tulipomzika.

Kwa hivyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naitoa na uchungu wake wote. Kimbia. Kula keki mpaka ushibe. Lakini mtu wako akikusimamisha njiani, simama, hata kama wenzako wanakucheka, hata kama unaona anayo siku nyingi. Kikundi utakikuta mbele, kimekaa kinakula. Anayekuita huenda usimkute, na anaweza kukutoka akiwa bado amekaa pale pale kwenye kiti chake. Usiniambie utatubu baadaye. Mimi nimetubu miaka na miaka, na yale maneno bado siyajui. Labda yalikuwa makubwa, labda alitaka tu kuniambia nipunguze mbio. Sitajua.

Mungu akupe mapafu mazuri na magoti yanayodumu, kuliko haya yangu. Akulinde na malori barabarani. Na akupe masikio ya kusikia ukiitwa mara ya kwanza. Sasa inuka, funga kamba za viatu. Lakini mama yako amekuita jikoni mara mbili tangu tukae hapa, na mara zote mbili umemjibu, "Nakuja." Anzia huko.