Bunda Iliyonijibu Haraka

Leo ninaweza kucheka, lakini Jumanne sikucheka. Niko kwenye kipindi cha majaribio ya kazi, fundi wa mtandao katika chama cha wakulima wa pamba hapa Musoma. Laini yetu ya kwenda ofisi ya Bunda ni ya zamani, haipitishi anwani za kisasa za kompyuta. Kwa hiyo nilitengeneza njia ya ndani: data mpya unaifunga kwenye pakiti za kizamani, kama barua ndani ya bahasha nyingine, ikifika Bunda inafunguliwa.

Nikaandika anwani ya kompyuta ya Bunda, nikatuma ujumbe mfupi wa kujaribu kama inajibu. Jibu likaja papo hapo. Nikashangaa, maana laini ile huwaga inajikokota. Nikajaribu tena, mwisho nikachomoa hata waya wa laini. Bunda ikaendelea kujibu! Badala ya kushtuka, nikajiona bingwa, nikamwita meneja wetu, Mama Nyamhanga.

"Mama, bila waya bado inajibu!"

"Inawezekanaje?"

"Ni teknolojia mpya," nikasema, ingawa mwenyewe sikuelewa kitu.

Akampigia Wambura, msimamizi wa Bunda, akaweka sauti kubwa ofisi nzima isikie. "Hongera, Wambura! Bhoke anasema tumeshaunganishwa."

"Na nini, mama? Huku umeme umekatika toka asubuhi. Kompyuta zote zimezima."

Mama akanigeukia taratibu. "Sasa Bhoke, anayekujibu ni nani?"

Nikaisoma ile anwani tarakimu moja moja, jasho likinitoka. Ilikuwa ya kompyuta yangu mwenyewe.