Kitenge cha Mama Sidonie

Pale stendi ya bodaboda ya Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, wenzake walimtania Elisée kwamba konokono angempita na kumsalimu. Alikuwa na helmeti mbili, yake na ya abiria. Mwanamke akipanda, pikipiki haiondoki mpaka apanue miguu kama mwanamume na kukalia ncha za kitenge chake. Wengine walikasirika wakashuka. Waache washuke! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Yeye aliumwa mwaka 2012. Goretti, jirani yake, alipanda nyuma yake akakaa upande kama wakaavyo akina mama wenye heshima zao, na ncha ya kitenge ikaingia gurudumuni. Elisée alisikia kitambaa kikichanika tu. Alipogeuka, mama wa watu alikuwa amelala chali barabarani, na hakuamka tena.

Miaka miwili baadaye, asubuhi moja ya kiangazi, simu ikalia kutoka hospitali Mbarara. Nabintu, mkewe, amejifungua kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, ila mama hawezi hata kujigeuza kitandani, na anamlilia mama yake. Magari ya abiria ya kwenda Mbarara yalikwisha kuondoka. Na mama huyo ndiye Mama Sidonie, mkwe wa Elisée. Kwa watu wao, huko Kivu ya Kusini nchini Kongo, mama mkwe haguswi. Hata sahani humpi mkononi. Unaiweka chini, naye anaiokota. Elisée aliwatazama vijana wa stendi: mmoja anapakia watu watatu, mwingine anaondoka mbio na simu sikioni. Moyo ukakataa kumkabidhi kwao.

Mama Sidonie alivaa helmeti juu ya kilemba, akakaa upande, akaweka kapu katikati yao liwe ukuta, akashika chuma cha nyuma.

"Mama, ukae sawa bwanaume," Elisée akamsihi, macho chini. "Unishike."

"Mukwe, usinipatishe haya. Twende."

Wakaenda polepole, jasho likimtiririka Elisée mgongoni. Njia nzima alisikiliza kitenge. Karibu na Kabingo, lori la matoke likachomoza kwenye kona, katikati ya barabara. Akakimbilia pembeni, changarawe ikateleza, na nyuma yake uzito ukahama. Kisha akaisikia ile sauti. Kitambaa kilikuwa kinachanika.

Pikipiki ikasimama. Elisée hakuthubutu kugeuka.

"Mama?"

Akaita tena.

"Mama Sidonie?"

"Niko," sauti ndogo ikajibu.

Alikuwa amening'inia kwenye chuma kwa mikono miwili, kiatu kimoja hakipo, kapu limemwagika. Elisée akakaa chini kwenye vumbi akalia bila aibu. Akamsimulia jinsi Goretti alivyokufa, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Mama, heshima yetu itakuua. Niko naogopa mingi."

Mama Sidonie aliokota kiatu chake, akarudisha vitu kapuni. Kisha akakivua kitenge kilichochanika, akabaki na kingine cha ndani, akakipitisha kile kilichochanika kifuani mwa Elisée na kukifunga fundo mbele, bila kumgusa. Akapanda nyuma, akapanua miguu.

"Mukwe habamushike," akasema. "Lakini kitenge ni yangu. Hii nitashika."

Baada ya Kabingo waliingia kwenye lami, na malori yakazidi. Alishika kitenge. Basi moja likawapita kwa upepo uliowayumbisha, na Elisée akahisi mikono miwili ikimkumbatia kiunoni. Ilibaki pale mpaka Mbarara.

Kwenye geti la hospitali, Mama Sidonie alishuka akaenda zake haraka. Elisée akajaribu kufungua fundo la kitenge, lakini lilikuwa limekaza likamshinda. Mama mkwe akageuka, akamwona. Akarudi, na mbele ya manesi na watu wote, akalifungua mwenyewe.

"Siku ya kurudi," akasema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi, "Nabintu na mutoto bapande gari. Miye nitarudi na weye."

Elisée akaitikia kwa kichwa. Hofu ya barabara ikamwanza upya palepale.