Niliwakorogea Wakwe Uji kwa Mashine ya Dawa

Kosa ni langu. Nasema mapema kabla hujaanza kunitafutia sababu, maana mama yangu ameshajaribu, akasema labda nilirogwa. Sikurogwa. Nilitaka sifa tu!

Mimi ni mchoraji wa mashine kwenye karakana moja hapa Nakuru. Kwa miaka mingi tulitengeneza mageti na matangi ya maziwa. Halafu kampuni moja ya dawa za mifugo ikatuomba kitu kigeni kabisa: tangi la kuchanganyia dawa ya sindano ya ng'ombe, lisiloingiza kijidudu hata kimoja.

Wacha nikueleze, si ngumu. Mashine ya kawaida ya kukoroga ina chuma kirefu kinachopita kwenye tundu la tangi, na hapo penye tundu ndipo vijidudu hupitia. Mimi nikachora tangi lisilo na tundu. Ndani kuna pangaboi dogo lenye sumaku tumboni. Nje, chini ya tangi, kuna mota yenye sumaku kubwa. Mota ikizunguka, pangaboi la ndani linaifuata, na hakuna kinachogusana. Wueh! Siku ya kwanza kuliona likizunguka nilitokwa na machozi, nikasingizia moshi wa kuchomelea.

Aliyelisugua lile tangi ni Chebet, mwenzangu. Chuma kikiwa na mkwaruzo, hata mwembamba kama unywele, vijidudu hujificha humo. Kwa hivyo alilisugua mpaka likawa kioo, akawa anajipakia lipstiki humo. Akatangazia karakana nzima, "Mtu akigusa hii kitu na mikono yake ya chapati, nitamkula mzima!"

Sasa. Nilikuwa na mchumba, Wairimu, wa kule Rongai. Baba yake ni mkulima wa mahindi, mzee asiyeamini jambo mpaka alishike. Nilipomweleza kazi yangu, alitikisa kichwa.

"Inakoroga bila kuguswa?" akasema. "Kijana, hata uongo unahitaji mwiko."

Ikaniuma! Jumamosi, Madam mwenye karakana akiwa amesafiri, nikapakia tangi kwenye pikapu ya kazi, huyo Rongai. Tangi ambalo wenye dawa walikuwa wanakuja kulikagua Jumatatu! Aki sijui nilikuwa nafikiria nini.

Nilikuta sebule imejaa akina mama wa ushirika wa kanisa. Mama Wairimu alikuwa amewapikia uji wa wimbi. Nikachomoa televisheni, nikachomeka mota, nikamimina uji wote kwenye tangi, nikawasha.

Uji ukaanza kuzunguka wenyewe. Mama mmoja akakumbatia Biblia yake. Mwingine akamnong'oneza Wairimu, "Na huyu ameokoka?"

Hapo ningezima, nile chapati, niende nyumbani. Lakini wapi! Nikaanza kuhutubia. Nikahutubu mpaka uji ukapoa, na wewe unajua uji wa wimbi ukipoa unakuwaje. Mota huko chini ikaendelea kuzunguka, pangaboi huku ndani likakwama, likawa linagonga ta-ta-ta-ta kama kuku anayedonoa bati.

"Imechoka," mzee akasema.

Nikazima. Nikachomoa mota kutoka chini ya tangi, nikaiweka mezani ili waone sumaku bado iko na nguvu. Mzee akainama kuangalia. Siku hiyo alikuwa amevaa mshipi wake wa sherehe, wenye chuma mbele kikubwa kama kisahani.

Tap!

"Niachilie!" akapiga kelele.

"Si mimi, mzee, ni sumaku!"

"Basi iambie iniachilie!"

Nikavuta mota, mzee akaja nayo. Wairimu akamvuta baba yake, meza ikaja. Vikombe vikaanza kuanguka. Mwishowe Mama Wairimu akasema, "Baba Wairimu, si ufungue huo mshipi!" Akafungua. Mshipi ukabaki kwenye sumaku. Suruali nayo haikubaki mahali pake.

Akina mama wa ushirika, Mungu awabariki, waligeuka wote wakatazama ukuta, wakaanzisha pambio. Mzee akaingia chumbani.

Nilirudi Nakuru nimenywea, mshipi wa mkwe bado umenasa kwenye mota. Uji ulikuwa umekauka tangini. Nikaosha kwa maji, wapi. Na hapa sasa ndipo dhambi yenyewe ilipo, kaa vizuri.

Nilichukua ile waya ya dukani ya kusugulia sufuria, nikasugua. Jamani! Nilisugua kioo cha Chebet kama sufuria ya githeri!

Nilijua vizuri haifai. Ile waya ni chuma cha kawaida, hukatika vinyuzi, na ndani mlikuwa na sumaku. Vinyuzi vikashika kwenye pangaboi, mahali macho hayafiki. Nikasuuza, nikafunika, nikajiambia hakuna atakayejua.

Jumatatu daktari wa kampuni ya dawa akafunua tangi mbele ya Madam. Ndani kulikuwa na mikwaruzo kila upande, na michirizi ya kutu rangi ya chai ya maziwa.

"Hapa ndipo mnataka niweke dawa ya kudunga?" akauliza.

Madam akageuka. "Chebet! Ulisugua hii na diski ya kusagia mageti?"

"Madam, naapa na mama yangu, sikufanya hivyo."

"Basi hiyo kutu imetoka wapi?"

Chebet akaniangalia. Hakuwa ananishuku. Alikuwa anatafuta mtu wa kumtetea. Na mimi, mbele ya Mungu na daktari, nikasema, "Hata mimi nashangaa."

Akaambiwa avue koti la kazi aende nyumbani. Alishindwa na vifungo. Mimi nilikuwa nakagua viatu vyangu!

Chebet hakuwa amefika getini wakati geti lilipofunguliwa. Akaingia Baba Wairimu, suruali imefungwa kwa kamba ya gunia, na nyuma yake akina mama wa ushirika.

"Kijana," akaniita, "nimekuja kuchukua mshipi wangu. Na hawa kina mama wanauliza kama ile mashine ya uji mnaikodisha. Kuna mkutano wa injili."



"Mashine gani ya uji, mzee?" Madam akauliza.

"Si hiyo hapo." Akaelekeza kidole. "Ilikoroga vizuri, sema ilichoka."

Daktari akaingiza kidole chini ya pangaboi, akatoa kitonge cheusi, akakinusa. "Wimbi," akasema.

Chebet akarudi polepole mpaka akasimama mbele yangu. "Hata wewe unashangaa, eh?"

Hapo ndipo nikakiri yote, kuanzia uji mpaka waya. 

Chebet alirudishiwa koti lake na akaombwa msamaha na Madam. Mimi nilimwomba mbele ya wote. Alisema amenisamehe, ila nisimwongeleshe kabla ya chai ya saa nne. Tangi lilisuguliwa upya na likakubaliwa, kwa sharti kwamba mimi nisilikaribie. Linafanya kazi huko kwao sasa, na sijaruhusiwa kuliona likizunguka hata mara moja. Ile michoro yangu ina jina la mtu mwingine. Mimi nachora mageti.

Wairimu naye aliniacha. Nilidhani ni kwa sababu ya suruali ya baba yake. "Baba anacheka hiyo stori kila siku," akaniambia. "Ni vile ulinyamaza wakimfukuza huyo dada. Siku moja utaninyamazia mimi."

Ndugu yangu, dada yangu unayesoma, usibebe kitu cha kazi ukavimbie wakwe. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, wakati ni uji tu unaohitaji kuoshwa. Usingoje mpaka mtu asiye na hatia aanze kufungua vifungo.