Kamba ya Bwana Shamba

Miaka ile ya Siasa ni Kilimo, bwana shamba wetu wa Kagondo alitembea na kamba ya mafundo ya kupimia shingoni hata kanisani, kama padri mwenye stola ya katani. Kabla ya kupima kibanja alikohoa mara mbili, kana kwamba migomba ingesimama mguu sawa. Kwa Ma Kokuberwa aliamuru maharage yote yaliyo katikati ya migomba yang'olewe kufikia Jumatatu. Mama huyo alimpakulia ebitoke, ndizi za kupika, kwa maharage hayo hayo; bwana shamba akala, akaongezewa, akaaga mfuko wa suruali umevimba.

Jumamosi, akituhubiria mkutanoni ubaya wa kuchanganya mazao, jasho lilimtoka. Akachomoa leso, na mbegu za maharage zikamwagika miguuni petu, nyekundu zenye madoa, ambazo kijiji kizima anazo Ma Kokuberwa peke yake.

"Ziokote, mwanangu," Ma Kokuberwa alimwambia bila kuinuka. "Uzipande chini ya migomba. Hizo hazijui gwaride."

Bwana shamba akakohoa mara mbili, akainama kuokota, na habari ya kung'oa ikaishia hapo. Kamba ilimponyoka shingoni, na ndiyo siku tuliyojua kwamba naye ana shingo kama sisi.